Mayowe Mbele ya Nyumba Tano

Mara ya kwanza Murugi alipopiga mayowe, redio iliyokuwa ikiimba katika nyumba ya pili ilizimwa. Mwanamume aliyekuwa akipasua kuni uani aliweka shoka chini akaingia ndani. Mbwa akaitwa, akafungwa.

"Umeona watu wenye heshima?" Lynn alisema baada ya kusimamisha kamera. "Wanatuachia sauti."

Aliihitaji heshima hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mwelekezi wa kundi, na kesho saa nne asubuhi walitakiwa kuwasilisha mwanzo wa filamu ya kusisimua. Dakika mbili tu. Mhadhiri alikuwa ameshawakataa mara mbili. "Huyu msichana anatekwa nyara ama ameona panya?" aliuliza mbele ya darasa zima, na darasa likacheka. Akiwakataa tena, Lynn angerudia mwaka. Mama yake alikuwa ameshaanza kuwaalika watu kwenye mahafali.

Tena kulikuwa na kichwa cha Kinuthia. Jumapili iliyopita walienda kurekodi Mweiga. Kinuthia, anayeigiza mtekaji, alikuwa ndiyo kwanza amemshika Murugi kiunoni wakulima walipotoka kwenye viazi wakiwa na majembe. Kabla yeyote hajasikia neno filamu, Kinuthia alikuwa chini, damu ikimtiririka. Alishonwa nyuzi sita. Leo, kwenye mashamba haya ya chai juu ya Othaya, alikuwa amezificha chini ya kofia, na kila kichaka kilipotikisika aligeuka.

"Wamae, una uhakika ulipeleka hilo tangazo?" alimuuliza mshika maikrofoni wao kwa mara ya tatu.

"Wacha uoga, buda. Nilipea mzee wa kanisa karatasi kwa mkono yake. Leo asubuhi nimekaa hapo nyuma nikamsikia akisoma. Ati vijana wa chuo watashuti filamu kwa majani chai, mtasikia nduru, msishtuke. Hata watu walicheka."

"Kanisa la huku?"

"Ile kubwa hapo chini kwa lami. Kila mtu alikuwa hapo."

Lynn alitazama ng'ambo ya barabara ya udongo. Nyumba tano za mabati, umbali wa kurusha jiwe. Nguo zilizofuliwa asubuhi hiyo zilikuwa bado zinadondosha maji kwenye kamba. Mama mmoja alitoka mbio, akawakusanya watoto wawili waliokuwa wakicheza, akaingia nao na kufunga mlango.

Mara ya pili Murugi alicheka. Mara ya tatu upepo uliingia kwenye maikrofoni. Mara ya nne Kinuthia alimburuta kwa upole mno, hata Wamae akamuuliza kama anamvusha nyanya yake barabara. Mara ya tano ukungu ulianza kuteremka kutoka msituni, na betri ikabaki na alama moja. Lynn alitamani kuketi chini kati ya michai alie. Badala yake alimwendea Murugi, akamshika mikono. Ilikuwa baridi kama maji ya mto.

"Unalilia kamera," alimwambia taratibu. "Iwache. Angalia zile nyumba. Ita wale watu."

"Na wakitoka?"

"Hawatoki. Wanajua."

Murugi alizitazama. "Kuna mtu kwa dirisha. Ile nyumba ya samawati. Nimeona pazia ikisonga."

"Basi mwite huyo."

Mara ya sita ilikaribia kufaulu. Mara ya saba Murugi alichomoka kati ya michai, akateleza kwelikweli, na kisiki kikamchana goti. Kinuthia alimfikia, akamziba mdomo, akamburuta kuelekea gari la mjomba wake. Murugi alipopata upenyo kati ya vidole vyake, aligeukia ile nyumba ya samawati.

"Mama! Mama, nisaidie! Wananiua, mama!"

Sauti ilikwaruza, ikapasuka, ikakatwa na mlango wa gari.

Lynn alisema "Kata," na kugundua kwamba mashavu yake yalikuwa yamelowa. Waliisikiliza wote wanne wakiwa wameinamia kamera. Hakukuwa na mbwa, hakukuwa na kuku, wala hatua ya mtu. Kinuthia alivua kofia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Murugi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akifuta damu gotini kwa leso ya Wamae, na betri ikazima yenyewe.

Wenzake walipokuwa wakipakia vifaa, Lynn alivuka barabara. Hakuwa mtu wa kubisha milango ya watu. Alirudia maneno yake moyoni njia nzima. Alipobisha katika nyumba ya samawati, kitu kizito kilisukumwa sakafuni. Alibisha tena. Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

"Habari ya jioni, mama. Sisi ni wale wa huko ng'ambo. Nimekuja tu kuwashukuru kwa vile mmenyamaza."

Macho ya mama yalipita bega la Lynn hadi kwenye gari, ambako Kinuthia alikuwa akifunga buti la nyuma.

"Najua ilikuwa kelele nyingi," Lynn aliongeza kwa haya. "Ndiyo maana tuliomba mtangaziwe asubuhi kanisani."

"Sisi tunasali Jumamosi," mama alisema. "Hizi nyumba zote."

Akamsukuma mtoto nyuma ya sketi yake, na mlango ukaanza kurudi.

"Hatujasikia kitu, madam. Hata huyo msichana hatumjui. Nendeni tu."