Meno Manne ya Bi Hindu

Bi Hindu alikuwa amebakiwa na meno manne tu, na jambo hilo lilimsumbua Daktari Cleopas.

"Mairungi unayatafunaje, mama?"

"Kwa subira, mwanangu."

Muuguzi Alum aligeukia ukutani kuficha kicheko.

Ilikuwa mwaka 1974, katika zahanati ndogo ya Wandegeya. Daktari alikuwa akijaribu dawa ya zamani, vidonge vya wagonjwa wa huzuni, aone kama vinaweza kumwachisha mtu mairungi, majani yale ya kufukuza usingizi. Alipata watafunaji kumi na wawili. Kila mmoja alijaza fomu: jina, kazi, mwajiri.

"Nauza vitumbua Kisenyi," Bi Hindu aliandikisha. "Mwajiri wangu tumbo."

Kati ya wote, hakuna aliyemshinda. Hakukosa Ijumaa hata moja, na majibu yake yalimfurahisha daktari.

"Hamu ya majani?"

"Imepungua nusu."

"Chakula?"

"Jana alikula sahani mbili za posho... nilikula."

Hata hivyo, mizani ilitoa uzito uleule wa mwezi uliopita.

"Usingizi?"

"Anakoroma mpaka majirani wanalalamika."

"Nani?"

"Mimi, mwanangu. Nani mwingine?"

Daktari alicheka, akaandika. Uzee, alijisemea, huchanganya maneno.

Ijumaa ya nane Bi Hindu hakuja. Badala yake, gari la jeshi lilisimama mlangoni. Wagonjwa wawili waliruka dirisha la nyuma. Alum alianza kusali kimyakimya. Daktari alisimama. Miaka ile, mtu aliyefuatwa na gari kama lile hakuwa na hakika ya kuwaona wanawe tena.

Askari aliyeingia alikuwa pande la mtu.

"Bibi anaumwa malaria," alisema. "Nimekuja chukua dawa yake."

Daktari aliutazama mkebe wa vidonge mezani. Angeweza kumpa mkebe mzima, yaishe. Lakini kazi ya miezi miwili ingeharibika.

"Samahani, afande. Vidonge hivi simpi mtu mwingine. Lazima nimwulize maswali mgonjwa mwenyewe, uso kwa uso."

Askari alichungulia barabarani. Akafunga mlango. Akavua kofia, akajibana kwenye kiti cha wagonjwa mpaka kikalia.

"Uliza tu, daktari," alinong'ona. "Bi Hindu ndio mimi."