Fulana ya Kijani

Gurudumu lilizama mchangani tena. Bi Turkiya akapiga bismillahi, akainama, akasukuma, na kiti mwendo kikachomoka. Aliyekaa juu yake, Bryson, kijana wa Nguvumali asiyetembea tangu utotoni, akageuza shingo.

"Pole, Bi Turkiya. Nakutesa."

"Usiogope, mwanangu. Mimi niko nyuma yako."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake kila Jumamosi asubuhi. Tangu Idi ipite alikuwa akimsukuma Bryson kutoka kwao mpaka uwanjani, akafanye mazoezi na walemavu wenzake. Leo ilikuwa siku ya mashindano yenyewe, na Bi Turkiya hakuwa na shaka hata chembe: bila yeye, kijana huyu angeyasikia kwa majirani tu.

Ngamiani nzima ilijua kwamba Bi Turkiya si mtu wa kutembea. Mjane wa mwenye maduka, mtu wa baraza na halua, hata sokoni alipelekwa kwa bajaji. Daktari alipomwambia kwamba sukari imepanda, miguu imeanza kufa ganzi, na asipoitembeza iko siku utakatwa mmoja, alimtazama kama aliyemtukania wazazi.

"Mtu mzima mimi, nizurure mitaani bila shughuli? Watu watasema nimerukwa na akili."

Malak, bintiye, alibembeleza, akanuna, akalia. Wapi! Mguu ni wa Mungu, mama yake alijibu, akiutaka atauchukua.

Lakini thawabu, hilo ni jambo jingine. Samiha, shoga yake Malak, ndiye aliyeendesha mashindano. Alipokuja barazani kueleza kwamba walemavu hawafiki uwanjani kwa kukosa watu wa kujitolea, Bi Turkiya alikuwa keshavaa viatu kabla maneno hayajaisha. Tena Samiha akaongeza kwamba siku ya mashindano, wenye kujitolea huvishwa fulana za kijani mbele ya watu wote. Hapo ndipo palipomkosha zaidi, ingawa hakusema.

Bryson alikuwa mtu wa visa. Njia ya mkato hakuitaka, siku zote ina mashimo, basi lazima wazungukie Mabawa. Juisi ya miwa haimpandi, na maji akinywa peke yake anaona haya, kwa hiyo Bi Turkiya naye akanywa maji. Halafu kuchoka! Kila penye mwinuko, Bi Turkiya anapoanza kuhema tu, ni Bryson anayeomba wapumzike.

"Umechoka na nini, nawe umekaa?"

"Kukaa nako kazi, Bi Turkiya."

Alicheka mpaka baibui likamteleza mabegani. Baibui lenyewe siku hizi lilikuwa pana, na lawama zote alimtupia fundi. Siku moja alimshika Bryson mkono akakuta kiganja kizima ni sugu, akamwonea huruma kweli. Shida gani hizo zilizomkomaza hivyo, maskini?

Walipofika uwanjani alipunguza mwendo makusudi, maana majirani zake walikuwa wamekaa mbele kabisa. Malak naye alikuwepo. Badala ya kumtazama mama yake usoni alikuwa akiitazama miguu yake, na machozi yamemlenga. Bi Turkiya akajua ni fahari ya kuwa na mama mwenye moyo.

Samiha akaja na fulana za kijani mkononi. Bi Turkiya akaweka mtandio sawa, akainua kidevu, akanyoosha mikono.

Samiha akampita. Fulana akampa Bryson, naye akaivaa upesi upesi kama mtu aliyezoea. Kisha Samiha akamrudia Bi Turkiya na kumbandika kifuani karatasi yenye namba.

"Mbio zenu ndizo za kwanza, mama. Wenye sukari, kutembea raundi mbili."

Hapo hapo Bryson akashika magurudumu kwa viganja vyake, akakizungusha kiti kama pia, akajipanga nyuma yake.

"Usiogope, Bi Turkiya," alisema. "Mimi niko nyuma yako."