Zamu ya Jalidi

Siku hizi hapa Makete baridi inagawiwa kwa zamu. Kila nyumba hupokea jalidi, ule umande unaoganda, usiku mmoja kwa mwaka, na wengine wote wanasalimika. Sijaona mtu anayeijulia kama mama mkwe wangu, Atuganile. Akipewa tarehe, anahesabu siku themanini kurudi nyuma, ndipo anapanda brokoli. Jalidi ikija inakuta vichwa vimeshafunga, inaviongezea utamu tu.

Mwaka huu ikawa hivyohivyo. Asubuhi kisanduku cha ukutani kinachopanga zamu kikasema, "Asante kwa kupokea zamu, mama."

"Asante, karibu tena," akajibu kwa adabu yake ileile.

"Ombi limekubaliwa. Jalidi itarudi leo."

Nilishika kichwa. Kitaluni kulikuwa na miche ya wiki mbili tuliyoihamishia humo alfajiri, jalidi ilipopita, na ombi likishakubaliwa halifutiki. Mama alitoa mablanketi yetu yote matatu akaifunika miche, sisi tukalala na makoti.

Kulipokucha miche ilikuwa mizima, kijani kabisa. Kisanduku kikashukuru tena.

Mama, aliyefundisha ukoo mzima kuitikia wageni, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisanduku kikaendelea kusubiri.