Milango ya Pikapu

Honi ilikuwa inalia yenyewe, mkono wa mtu haujaigusa. Waipa zinafuta vumbi kavu, taa zinakonyeza mchana kweupe, na milango ya pikapu imejifunga, watu wawili ndani: Kashinje kwenye usukani, na pembeni yake baba yake mkubwa, Mzee Luhende.

"Fungua," alisema mzee.

"Haifunguki, baba mkubwa. Na vioo vimegoma."

Watu wa Shanwe nao hawana dogo. Waliizunguka pikapu wakaiangalia kama sinema, muuza vitumbua akacheka mpaka akajishika kiuno. Bodaboda mmoja akapaza sauti, "Mtaiva humo nyie!" Na kweli walikuwa wanaiva. Kashinje alivuta kishikio cha mlango mpaka kikabaki mkononi.

Ingekuwa siku nyingine angecheka na wenzake. Lakini leo, nyumbani Mwamkulu, ukoo ulikuwa umekaa kumfuta undugu Fabiani, mdogo wake wa tumbo moja, kwa kumwibia baba yao na kutokomea. Aliyesubiriwa ni Mzee Luhende tu, aliyepanda basi tangu Kibaoni, na Kashinje alitumwa kumpokea hapa Shanwe. Bila kaka mkubwa kikao hakikai. Na jana mama yake Kashinje alimshika mkono akamwambia, "Mtetee mdogo wako, mwanangu." Amtetee na nini? Hakuwa na neno hata moja.

Aliyewatoa ni Aloyce, fundi umeme wa magari. Alipenyeza waya kwenye mpira wa kioo, akavuta kitasa, akawatoa wameloa jasho. Kisha akachomoa waya wa betri na honi ikanyamaza. Lo, raha ya kimya!

"Boksi hilo," alisema, kichwa kikiwa chini ya dashibodi. "Lile linaloamuru honi, taa, vitasa, kila kitu. Limekufa."

"Halitengenezeki?"

"Maiti haitengenezwi, bro. Ninalo la mtumba, limetoka kwenye pikapu pacha na hii."

Akalala chali, miguu nje, akang'oa lililokufa na kuchomeka jingine. Mzee Luhende, asiyeamini vitu vya mtumba, akauliza hiyo pacha iko wapi.

"Ilitumbukia korongoni, mzee wangu, kule Lyambalyamfipa, njia ya Sumbawanga. Ilikaa huko mpaka waokota vyuma chakavu walipoiona. Wakaichuna, hata namba hawakuacha."

"Na dereva?"

"Alizikwa na serikali. Hakuna ndugu aliyejitokeza."

Mzee alisonya. "Kuna watu wana roho za mawe, jamani! Mtu wako hajarudi, wewe unakula ugali unalala?"

Aloyce akarudisha waya wa betri. Taa zikatulia, waipa zikalala, vioo vikapanda na kushuka kwa adabu. Akamrudishia Kashinje funguo zake. "Hii rimoti yako itupe tu. Boksi hili linaijua rimoti ya kwao, ya ile pacha. Wewe utumie ufunguo."

Wakaondoka. Njia nzima mzee alikuwa akisema, Kashinje akiitikia, maana ufanyeje? Usimjibu baba yako mkubwa?

"Baba yako mpole mno," alisema mzee. "Huyo Fabiani angekuwa wangu, ningemlaani siku ileile."

Kashinje alikuwa anajua wimbo huo wote. Fabiani aligombana na baba yake jioni, kisa mahari. Asubuhi akaondoka na mpunga, kwenye gari la baba, kwenda Sumbawanga, hakurudi. Basi, ukoo mzima ukajua: kauza mpunga, kauza na gari, kavuka ziwa, anakula maisha Kongo. Baba alisononeka, lakini akakataza mtu yeyote kwenda polisi. "Mtoto akikunyea mkono, huukati," alisema. "Nikimshtaki atafungwa. Aende nalo." Watu walimsifu kwa huruma hiyo, na Kashinje mwenyewe alimsifu.

Wazee walikuwa wameshakaa kwenye vigoda. Kashinje alishusha kreti la soda, akafunga pikapu kwa ufunguo, na milango yote ikaitika kwa pamoja. Baba yake alimpokea kaka yake kwa mikono miwili, akamketisha, akakohoa ili aanze.

"Tumechelewa," alisema baba. "Tumalize. Kuna mtu ana neno la kumtetea huyu kijana?"

Kashinje alimwangalia mama yake, Minza, aliyesimama mlango wa jikoni. Akainama kupanga soda.

Mama alikuwa anafungua fundo la pindo la kanga. Wazee wakageuza nyuso, maana walishamzoea. Kila gari likiingia Mwamkulu, la maziwa, la mnada, hata la padri, mama huyu hutoa ule ufunguo wa akiba, wenye rimoti, wa gari aliloondoka nalo Fabiani, akaunyoosha mbele na kubonyeza. Watoto wa jirani humwigiza kwa vijiti.

"Mama Kashinje," baba alisema kwa upole, "leo tupumzishe na hilo, wageni wapo."

Mama akanyoosha mkono, akabonyeza.

Pikapu ikakonyeza taa mara mbili, na milango yake yote ikafunguka.

Mzee Luhende aliteleza kwenye kigoda akakaa chini, mavumbini, kiganja mdomoni. Mama alikuwa ameshapiga vigelegele, anakimbilia pikapu kumpokea mwanawe.