Nzi Kwenye Mkono wa Rispa

Nzi alitua kwenye mkono wa kulia wa Rispa, na Rispa akajua kabla hajamwona.

Macho yake yalikuwa kwenye karai, alikokuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwanda kikishachukua minofu. Aliinua mkono wa kushoto amfukuze, kama wafanyavyo wauza samaki wote wa soko la Rodi Kopany kutwa nzima. Mkono ukakwama hewani.

Amejuaje?

Mwaka uliopita mafuta ya karai hilohilo yalimmwagikia mkono wa kulia. Hospitalini walimkwangua ngozi nyembamba ya paja, wakaitandaza juu ya kidonda. Ikashika. Vumbi halikupenya, maji hayakupenya, lakini haikuhisi kitu. Mafuta yaliporuka, ni harufu iliyomwambia kwamba anaungua. Daktari alimweleza kuwa mishipa ya fahamu imebaki chini kabisa. Huenda ingepanda polepole hadi kwenye ngozi mpya, huenda isipande.

Nzi akaanza kutembea. Rispa alifumba macho, akaisikia miguu ile, myepesi kama pumzi ya mtoto aliyelala. Ikasimama. Ikageuka. Ikaelekea kwenye kidole gumba.

"Nyar Rusinga!" mama wa meza ya pili alimwita kwa jina la kisiwa cha kwao. "Samaki inaungua! Na hiyo nzi, si ufukuze?"

Moshi ulikuwa umeanza kupanda.

"Wacha iungue, mama," Rispa alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nzi bado inatembea."