Saud wa Ndani ya Diski

"Polepole wee, Saud! Pupa ya nini?"

Bi Rukaiya alikipiga kofi kioo cha kompyuta. Kete zilikuwa zimekwisha zunguka mashimo yote na kutulia, naye hakuona hata zilipoanzia. Ubao wa bao uliochorwa kwa vijiduara ulimkodolea macho, ukingoja zamu yake.

Jaku, fundi aliyetoka Makunduchi juzijuzi tu akafungua kibanda cha kompyuta nyuma ya soko la Darajani, aliisogeza mashine mbali na mkono wake. "Bi Rukaiya, hiyo mali ya watu."

"Na huyu ni mume wangu."

Ndivyo alivyoiita ile programu. Saud aliiandika mwenyewe miaka ya themanini, akaitia kila hila yake ya bao, na hila zake baraza nzima ya wacheza bao walizijua. Mashine kongwe ya nyumbani ilicheza kama yeye hasa: kwa kituo, kete moja moja, kama mtu anayepanda mbegu. Kisha masika moja Saud akaondoka. Haukupita muda, umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, mashine ikatoa moshi. Kilichobaki ni diski.

Watu walimcheka. Mji huu mwanamke akishika kete huulizwa kama wanaume wamekwisha. Ofisini alikokuwa mpiga chapa waliletewa kompyuta mpya mwaka ule wa tisini na tisa, zenye Windows NT. Akaitumbukiza diski kwa siri. NT ikaifungia programu mlango usoni. Mkubwa wake akamwambia atupe takataka za zamani. Takataka! Watu wale wale ambao kila kikija kipya hukipigia magoti, na cha jana kilichowalisha hawakitaki hata jina.

Jaku ndiye wa kwanza aliyemsikiliza.

"NT ni ukoo mwengine, bi. Sura kama ya Windows 98, lakini damu mbali. Programu hii imezowea kukishika kioo kwa mkono wake wenyewe, na NT haitaki mtu aguse chombo bila ya ruhusa. Hii 98 yangu ndiyo mjukuu wa DOS, mfumo wa zamani alioandikia mumeo. Huku atapokewa."

Akapokewa kweli. Ila alikuja mbio.

"Mbona kila kitu ni yeye, mwendo tu si wake?"

"Prosesa hizi mpya, yaani bongo za kompyuta, zinaijua lugha yote ya mababu zao. Ukiiwasha tu, inaamka ikijidhani ndiye babu mwenyewe wa mwaka wa sabini na nane. Lakini miguu ni yake. Mumeo alipotaka kete zitue polepole, aliiambia mashine ijihesabie namba kwanza, ndipo iweke kete. Ile kongwe ilihesabu ikihema. Hii inamaliza kabla hujapepesa."

"Basi ichoshe."

"Naam?"

"Punda akienda mbio hutwikwa mzigo. Itwike!"

Jaku alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku ya pili alikuwa na kijiprogramu cha kuipa prosesa kazi ya bure. Akaipa nyingi, kete zikaganda. Akapunguza, zikaruka kama panzi. Bi Rukaiya aliwatukana wazee wa waliotengeneza, akamtukana na punda. Jaku akapunguza, akaongeza, akapunguza tena.

Kete ya kwanza ikatua. Ikangoja. Ikatua ya pili.

Bi Rukaiya akashika mdomo. "Ndiye."

"Pole sana, bi," Jaku alisema kwa sauti ya chini. "Wenye akili kama ile hawadumu."

"Hawadumu," alisema. "Nipishe nicheze."

Ikawa kila akitoka kazini yupo pale. Akafungwa. Akafungwa tena, akasonya, akaapa harudi, akarudi. Saud wa ndani ya diski hakuwa na huruma. Lakini sasa kete zilionekana zikitembea, na jicho likaanza kumsoma. Bwana huyu, akishalundika kete katika nyumba yake, lile shimo kuu la ubao, huilinda hiyo nyumba kwa roho yake yote, hata upande wa kushoto ukiwa unaungua.

Ah! Alikuwa hivyo hivyo siku zote.

Alhamisi moja akamwachia nyumba yake aikumbatie. Akala kushoto, akala tena, akala mpaka safu ya mbele ya Saud ikabaki mashimo matupu. Jaku akapiga makofi, kisha akamtazama usoni, akitaraji machozi. Hayakuwapo. Bi Rukaiya alichomoa diski, akajitanda buibui lake, akatoka bila ya kuaga.

Alikata vichochoro mpaka Mkunazini, kwenye baraza ya wacheza bao. Vicheko vikakatika. Mwanamume aliyekuwa ameinamia ubao aliinua uso, mkono umejaa kete.

"Saud," alisema Bi Rukaiya, "ulikula yamini mbele ya hawa kuwa talaka hunipi mpaka siku nitakayokufunga bao. Panga kete."