Mahudhurio ya Mashavu

Kompyuta mimi nazijua nje ndani. Haya, nje tu: nilikuwa nazifuta vumbi, sikuwahi kuwasha hata moja.

Pale chuo cha serikali nilikofanya usafi, mwanafunzi akiingia kwenye kompyuta kwa jina lake na neno la siri, amehesabiwa kahudhuria. Mashavu alikuwa kwao wiki mbili, mgonjwa. Akikosa kipindi kimoja zaidi, mtihani hafanyi. Basi shoga yake Tunu akamfungulia mashine ya pembeni yake, kama walivyozoea kufanyiana.

Mwalimu wao, Dokta Ngonyani, akasimama nyuma ya kiti kitupu. "Tunu, mwenzako yuko wapi?"

"Ametoka kunawa uso, Dokta, sasa hivi tu. Usingizi ulimzidi, si unamjua!"

Darasa likacheka. Dokta hakucheka.

"Baba yake kanipigia asubuhi," akasema taratibu. "Walimzika juzi."

Tunu akashika meza. Hakuna aliyegusa kitu, lakini herufi zikaanza kujiandika kwenye kioo mbele ya kile kiti, moja moja, bila haraka, kama Mashavu alivyokuwa akiandika kwa kidole kimoja:

"Mwongo huyo, Dokta. Sijatoka."